Darasa la kufafanua Gurbani mtandaoni: maoni ya sonara baada ya muhula mzima

Nianze na jibu, maana wengi mnaosoma maoni ya aina hii mnataka kujua jambo moja: mjiandikishe au msijiandikishe. Jiandikisheni. Darasa hili la kufafanua Gurbani, yaani nyimbo za Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, limenifunza kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikiliza gurdwara, nyumba yetu ya ibada, nikiwa nimekaa kitako na watu wazima wenzangu. Lina kasoro, nitazitaja, na moja ni kubwa. Lakini kama umewahi kukutana na fahali anayebeba dunia, mjumbe wa mauti mwenye rungu, au mizunguko ya kuzaliwa laki 84, ukaishia kunyamaza kwa sababu hujui uamini nini, hapa utampata mtu anayeijua kazi yake.

Mimi ni sonara, mwana wa sonara. Nimekulia katika nyumba ya Masingasinga ambamo Japji, sala ya asubuhi ya Guru Nanak, mwasisi wa dini yetu, ilisomwa kila alfajiri kabla ya mtu kugusa chai, na bibi yangu hakuhitaji gutka, kijitabu cha sala. Maneno yote alikuwa nayo kifuani. Nami niliyahifadhi hivyo hivyo, kwa sikio. Kilichonipeleka darasani ni swali la binti yangu wa miaka 17. Alikuwa akisoma kwenye simu shabad, yaani wimbo, ya Bhagat (mshairi mcha Mungu) Trilochan, ile ya ukurasa wa 526 wa Maandiko, akaja nayo karakana. "Baba, hivi ni kweli mtu akifa huku anawaza mali anazaliwa nyoka? Nyoka kabisa, mwenye magamba?" Nikamwambia Maandiko ndivyo yasemavyo. Akaniuliza kama mimi mwenyewe ninaamini. Swali kama hilo halijibiwi kwa kukunja uso. Sikutaka aiache Gurbani akidhani ni hadithi za kutishia watoto, kwa hiyo nikatafuta mahali tutakapojifunza wote wawili.

Huduma yenyewe ni hii. Kila Jumamosi kuna kipindi cha saa moja na nusu kwa Zoom. Giani ji, mwalimu wetu, anaweka shabad moja kwenye skrini kwa Gurmukhi, herufi za Kipunjabi, anaiimba au anamwachia mwanafunzi aiimbe, kisha tunaipitia mshororo kwa mshororo. Anafundisha kwa Kipunjabi, na msaidizi wake anaandika muhtasari wa Kiingereza pembeni. Kipindi kikiisha, rekodi na noti hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na maswali hujibiwa humo humo. Hakuna ada. Ipo akaunti ya kuchangia kwa anayetaka, na hakuna anayekumbushwa wala kusutwa.

Kipindi cha kwanza hakikugusa sitiari hata moja. Giani ji alitueleza tunashika nini mkononi: kurasa 1430, karibu zote zimepangwa kwa raga 31, yaani mahadhi ya kuimbwa, mkusanyiko ambao Guru Arjan, Guru wa tano, aliukamilisha Amritsar mwaka 1604 huku Bhai Gurdas akiandika kwa mkono wake. Nyimbo za Guru Tegh Bahadur ziliongezwa baadaye, na mwaka 1708, huko Nanded, Guru Gobind Singh aliyatangaza Maandiko haya kuwa Guru wa kudumu. Ndani yake kuna sauti za Guru 6 na za Bhagat 15, miongoni mwao Kabir mfumaji wa Varanasi, Ravidas fundi wa ngozi, Namdev, na Sheikh Farid ambaye alikuwa Sufi. Kisha akasema neno ambalo ndilo msingi wa darasa lote: huu ni ushairi ulioimbwa, na anayeusoma kama hati ya mahakama atatoka na hukumu ambayo mshairi hakuitoa.

Jambo la pili alilotufundisha, na ambalo hadi leo ndilo ninalolitumia zaidi, ni kuanzia kwenye rahau. Shabad nyingi zina mshororo mmoja uliowekewa alama ya rahau, yaani tua hapa. Anayejua mashairi ya Kiswahili hatapata shida, maana kazi yake inakaribiana na ya kibwagizo: ndipo wimbo unaporudi, na ndipo wazo kuu lilipo. Beti nyingine zinauzunguka mshororo huo. Giani ji hamruhusu mtu kufafanua nyoka, kunguru wala bwana arusi kabla hajasema kwa maneno yake mwenyewe rahau inataka nini. Mwanzoni nilidhani ni ukali wa mwalimu tu. Baada ya majuma machache niliona kwamba nusu ya ubishi wetu ulikuwa unakufa hapo hapo.

Nitaeleza masomo machache kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yatakayokuonyesha ubora wa darasa.

Somo la fahali lilihusu ubeti wa 16 wa Japji. Katika masimulizi ya kale ya India, dunia imekaa juu ya pembe za fahali mweupe aitwaye Dhaul. Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba tetemeko la ardhi ni yeye anabadilisha pembe. Giani ji hakucheka masimulizi hayo. Alituambia tumsome Guru Nanak polepole: fahali huyo ni dharma, yaani haki na wajibu, mwana wa huruma, naye ameushikilia mpango wote wa ulimwengu kwa kutosheka. Halafu Guru anauliza mwenyewe, tena kwa nguvu: fahali amebeba mzigo kiasi gani? Ng'ambo ya dunia hii kuna dunia nyingine, na nyingine, na nyingine. Chini ya mzigo huo wote kuna nguvu gani? Nilikuwa nimeusoma ubeti huu maisha yangu yote na sikuwahi kusikia kwamba lile ni swali. Guru anamchukua mnyama ambaye kila msikilizaji wake alimjua, anampa jina jipya, kisha anamwondolea mzigo mbele ya macho yetu. Maandiko yenyewe ndiyo yanayokataa kusomwa kijuujuu.

Vivyo hivyo kwa Arti, shabad iliyo ukurasa wa 13 na tena wa 663, ile tunayoiimba usiku katika Sohila, sala ya kulala. Mapokeo yanasema Guru Nanak aliitunga Puri, kwenye hekalu la Jagannath, makuhani walipokuwa wakizungusha sinia la taa mbele ya sanamu. Anga ni sinia, anasema. Jua na mwezi ni taa, nyota ni lulu, upepo unapepea, miti yote ya msituni ndiyo maua. Wengi tunaishia hapo kwa sababu ni nzuri. Giani ji alitulazimisha kwenda mbele: elfu ni macho yako, wala huna jicho, elfu ni sura zako, wala huna hata moja, elfu ni miguu yako, wala huna mguu. Hapo msomaji wa neno kwa neno hana pa kukanyaga. Mshororo mmoja unampa Mungu mwili na papo hapo unamvua. Giani ji alisema huu ndio ufunguo wa kila mahali pengine ambapo Mungu anaonekana ana mikono, vazi la manjano au kiti cha enzi, nami nakubaliana naye.

Sasa nifike kwenye somo lililonigusa kuliko yote, na mtanisamehe nikikaa hapo kidogo, maana ni karakana yangu. Ubeti wa mwisho wa Japji, wa 38, ni karakana ya sonara. Kujizuia ndiko karakana, subira ndiye sonara, akili ndiyo fuawe, maarifa ndiyo nyundo. Hofu ya Mungu ni mvukuto, bidii ya ibada ni moto, upendo ndio chungu cha kuyeyushia. Humo mimina amrit, kinywaji cha uzima, na Neno lipigwe chapa katika kiwanda cha sarafu cha kweli.

Hakuna mtu duniani anayeuchukua ubeti huu kijuujuu. Lakini kuna njia nyingine ya kuuua, nayo ndiyo iliyozoeleka: unageuzwa orodha ya tabia njema. Uwe na subira, uwe na hofu, uwe na upendo, basi, tuendelee. Karakana inatupwa, zinabaki nasaha. Giani ji alisimama akauliza kama darasani kuna anayefanya kazi ya chuma au dhahabu. Nikafungua kipaza sauti. Akanitaka nieleze kila chombo kinafanya nini.

Nikawaeleza. Fuawe yenye kovu huacha kovu lake juu ya kila unachokigonga hapo; unaweza kuwa na nyundo bora kuliko zote, kazi itatoka na alama mbaya, na mteja ataiona. Kwa hiyo maarifa yakipigwa juu ya akili iliyopinda, yatabeba upinde ule ule. Mvukuto hauna joto lake wenyewe. Unaupa moto pumzi, na ukiuvuta ovyo unarusha majivu na kupoteza mali. Hofu ya Mungu, nikasema, huenda inafanya kazi hiyo: haimchomi mtu, inazuia moto wake usizimike. Chungu kinaingia katika moto ule ule wa dhahabu, zaidi ya nyuzi joto 1064, na lazima kistahimili kuliko dhahabu yenyewe. Chungu chenye unyevu hupasuka na kila kilichomo humwagika motoni. Na katika karakana yote ile, mwenye mikono ni mmoja tu. Subira hakupewa nafasi ya chombo. Subira ndiye fundi.

Giani ji alinyamaza, kisha akasema ameufundisha ubeti huo miaka mingi na hakuwa amewaza habari ya kovu la fuawe. Binti yangu alikuwa amekaa kando yangu, na nilimwona anaandika. Kipindi kile ndicho kilichonifanya nielewe wanachokifundisha hapa: ukikutana na taswira, usiikimbie kuelekea maana. Kaa ndani yake mpaka uone inafanyaje kazi, kwa sababu aliyeichagua aliijua. Guru Nanak alikuwa anajua karakana ya sonara.

Somo la mizani, ukurasa wa 470, lilikuwa la namna hiyo hiyo. Mti wa simmal, ndugu yake msufi, umenyooka na kuenda juu sana, lakini ndege wanaoujia kwa matumaini wanaondoka bila kitu: matunda hayana ladha, maua yanachefua, majani hayafai. Utamu umo katika unyenyekevu. Weka vitu kwenye mizani, Guru anasema, upande unaoinama ndio mzito. Kwa mtu anayeshika mizani kila siku, hilo linaingia bila maelezo. Lakini mistari inayofuata inaikagua taswira hiyo hiyo: mwindaji wa swala huinama maradufu, kuinamisha kichwa kuna faida gani ikiwa moyo ni mchafu? Giani ji alituonyesha kwamba mshairi ameweka mpaka wa sitiari yake ndani ya shabad yenyewe. Tangu hapo, kila mtu akileta fasiri yake, swali la kwanza darasani huwa ni mstari unaofuata unasemaje.

Katika kundi letu yumo pia Mwislamu mmoja, mtu mstaarabu sana, aliyejiunga kwa sababu ya Farid. Tulipofika ukurasa wa 140, penye shairi linalomwambia Mwislamu huruma iwe msikiti wako, imani iwe mswala, chumo la halali liwe Kurani, matendo yawe Kaaba, aliuliza bila hasira: je, hapa Guru anatuambia tuache kuswali? Niliogopa kidogo kwamba kipindi kitaharibika. Giani ji akageuza ukurasa hadi wa 141, penye swala tano zenye majina matano: ya kwanza ukweli, ya pili halali, ya tatu kheri kwa ajili ya Mungu, ya nne nia njema, ya tano sifa za Mola. Akasema Guru anazungumza na kila mtu kwa lugha ya ibada yake mwenyewe, na anamdai kila mtu kitu kile kile. Brahmin, kuhani wa Kihindu, kwenye ukurasa wa 471 anadaiwa uzi mtakatifu ambao pamba yake ni huruma, nyuzi zake kutosheka, fundo lake kujizuia, msokoto wake ukweli. Uzi usiokatika, usiochafuka, usioungua, usiopotea. Yogi katika ubeti wa 28 wa Japji anadaiwa herini za kutosheka na majivu ya kutafakari. Ndugu yetu yule alisema ameridhika, na bado yuko nasi.

Na ukidhani sitiari ni pambo la lugha tu, sikiliza somo la sati. Kulikuwa na desturi ya mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe. Guru Amar Das, ukurasa wa 787, anasema sati si hao wanaoungua na maiti. Sati ni yule anayekufa kwa pigo la kutengana. Analichukua neno la heshima ya juu kabisa, analitoa motoni na kuliweka moyoni. Aliyasema hayo katika karne ya 16, na serikali ya Waingereza huko Bengal ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1829. Hapa kusoma kwa maana ya ndani kunahusu roho ya mtu hai, na darasa zima lilikaa na uzito huo.

Sasa nyoka.

Tuliifikia shabad ya Trilochan katikati ya muhula. Anayeikumbuka mali saa ya mwisho na kufa katika wazo hilo, huzaliwa nyoka tena na tena. Anayewaza wanawake, kahaba. Anayewaza watoto wa kiume, nguruwe. Anayewaza majumba, pepo mkaa nyumba. Anayemkumbuka Narayan, yaani Mungu, huyo yuko huru. Giani ji akauliza kama kawaida: rahau inasemaje? Inasema: ewe dada, jina la Gobind, Mungu yule yule, usilisahau. Basi. Wimbo wote umezunguka kusahau na kukumbuka. Kisha akatutaka tuwaangalie viumbe wenyewe. Katika masimulizi ya India nyoka ndiye mlinzi wa hazina iliyofukiwa: anailalia, hawezi kuitumia. Pepo yuko ndani ya nyumba ambamo hakai tena mtu. Adhabu haikutoka nje. Ni sura ya tamaa yenyewe ikionyeshwa wazi. Binti yangu aliandika kwenye gumzo: "Kwa hiyo anaweza kuwa nyoka akiwa bado hai?" Giani ji akamjibu, "Beti (binti), wengi wanaanza mapema."

Mata ji mmoja, mwanamke wa makamo ya bibi yangu, hakukubali. Alisema waziwazi kwamba wazazi wake walimfundisha kuzaliwa upya ni kweli tupu, na kwamba kizazi hiki kinayageuza Maandiko yote kuwa saikolojia. Alileta ukurasa wa 176, ambapo Guru Arjan anasema: maisha mengi ulikuwa mdudu na nondo, maisha mengi tembo, samaki na swala. Hilo nalo mtalifanya sitiari? Nilipenda sana jinsi alivyojibiwa. Giani ji alisema wapo wafafanuzi wakubwa wanaoshika kuzaliwa upya kama jambo halisi, na wapo wanaoona ni hali za nafsi katika maisha haya haya, na kwamba yeye hawezi kuzifunga njia mbili hizo kwa niaba ya Panth, jumuiya yote ya Masingasinga. Alichosisitiza ni kwamba shabad ile ya ukurasa wa 176 inakwenda mahali fulani: huu ndio wakati wako wa kukutana na Mola, umeupata mwili huu baada ya muda mrefu. Ukiamini laki 84 kama hesabu, unaambiwa usipoteze zamu hii. Ukiziona kama hali, unaambiwa vile vile. Mata ji alisema atalifikiria. Mimi nimebaki upande wa nyoka wa hai, ila namheshimu, kwa sababu aliuleta ushahidi wake kutoka kwenye ukurasa.

Nifike kwenye kasoro.

Iliyo kubwa ni kwamba Giani ji, akiwa na haraka, anavunja sheria yake mwenyewe. Kuna siku kila kitu kinakuwa "ndani ya akili": mjumbe wa mauti ni wazo baya, jehanamu ni wasiwasi, mbwa ni tamaa, kunguru ni tamaa. Kunguru ndiye aliyeniumiza. Farid, ukurasa wa 1382, anasema na kunguru: mmeipekua mifupa yangu yote, mmeila nyama yote, haya macho mawili msiyaguse, bado natarajia kumwona Mpenzi. Huyo ni mtu aliyekwisha mwili, anawaomba ndege wamwachie kitu kimoja. Tuliambiwa kwa dakika chache kwamba kunguru ni maovu na macho ni maarifa, tukahamia kwenye salok (ubeti mfupi) nyingine. Hapana. Pale palihitaji kukaa na yule mzee na ndege wake kama tulivyokaa karakana. Kuibadilisha taswira kwa neno moja la maadili hakuna tofauti kubwa na kuisoma kijuujuu. Njia zote mbili zinamaliza kazi mapema.

Pia ng'ombe wa Namdev hakutendewa haki. Ukurasa wa 1165 Sultani anamfunga Namdev na kumwambia amfufue ng'ombe aliyechinjwa, na shairi linasimulia kwamba ng'ombe alifufuka na akakamuliwa. Giani ji alisema ni dhamiri iliyokufa, akapita. Huenda. Lakini shairi lile ni refu, lina mama wa Namdev anayelia na kumsihi mwanawe abadilishe jina analoliita, lina tembo anayempiga, lina majibu ya mtu aliyefungwa minyororo. Mwanafunzi anastahili kuambiwa kwa nini ufafanuzi mmoja umechaguliwa, na rahau haikuulizwa kabisa siku hiyo. Niliandika hayo kwenye kundi na nikajibiwa kwa adabu kwamba litarudiwa. Nangoja.

Kasoro nyingine ni ndogo. Sauti hukatika kukiwa na waimbaji wawili. Muhtasari wa Kiingereza unachelewa, na nyakati nyingine umenakiliwa kutoka programu ya simu ambayo binti yangu alikuwa akiitumia, ile inayotafsiri kila kitu sisisi. Hili linahitaji kurekebishwa, kwa sababu anayetegemea Kiingereza anasikia jambo moja na kusoma jingine. Tafsiri kavu zimetuumiza tangu zamani: Ernest Trumpp, Mjerumani, alitoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1877 ya sehemu ya Maandiko haya, akayaona hayana mpangilio na yanachosha, na Masingasinga walikasirika kwa haki. Waandaaji wanaujua mkasa huo vizuri kuliko mimi, basi wamwajiri mtu aandike muhtasari upya.

Noti zenyewe, kinyume chake, ni bora. Kila shabad imeandikwa mara mbili: mara moja kwa maneno yaliyoachanishwa kama tunavyochapa leo, na mara moja kwa larivar, maneno yameshikana bila nafasi kama katika nakala za zamani, ili uone mwenyewe kwamba hata mahali pa kukata neno ni uamuzi wa mfafanuzi. Chini yake kuna maelezo ya irabu fupi za mwishoni mwa maneno, zile zisizotamkwa lakini zinazoonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Njia hiyo ya kisarufi inatokana kwa sehemu kubwa na Profesa Sahib Singh (1892–1977), aliyefafanua Maandiko yote katika majuzuu 10, na Giani ji humtaja kila anapomfuata na kila anapomwacha. Kwangu huo ni uaminifu. Inakuwa vigumu kwa mwalimu kuvuta sitiari kokote anakotaka wakati irabu moja imekwisha kumwambia kwamba anayezungumza ni bibi arusi na si bwana.

Nani asijiunge? Anayetafuta bahati yake katika hukamnama ya asubuhi, shabad inayopatikana kwa kufunua Maandiko, atachoka, kwani hapa hawafunui ukurasa ili kujua safari itakuwa njema. Asiyesoma Gurmukhi kabisa ataweza kufuata, ila atakosa sehemu ya utamu. Ajifunze herufi kwanza, ni 35 za msingi, si mzigo. Vijana walio na maswali magumu wapelekwe bila woga. Hawakemewi.

Muhula ujao ni Barah Maha ya Guru Nanak katika raga Tukhari, miezi 12 ya bibi arusi anayemngoja Mume, kurasa za 1107 hadi 1110. Ombi langu kwa waandaaji ni wamlete mkulima wa Punjab angalau kipindi kimoja, atueleze mwezi wa Asarh ardhi inavyoungua na Savan mvua inavyoshuka, kabla mtu yeyote hajatuambia mvua hiyo ina maana gani. Kwa anayetaka kuonja kabla ya kujiandikisha, rekodi mbili ziko wazi kwa wote: ya fahali, na ya karakana. Anzeni na ya fahali.